Plasta kwenye Dashibodi

Jumamosi ile Bibi aliamka na jambo moja tu kichwani: mwanawe asije akaondoka na funguo za gari lake.

Mwana mwenyewe ndiye yule ambaye wapwa zake walimwita Mjomba Tahadhari, akishatoka lakini, maana mbele yake hakuna aliyethubutu. Alikuwa mtu wa bima. Tangu asubuhi mpaka jioni kazi yake ilikuwa kusoma habari za waliogonga, waliogongwa, walioteleza bafuni na walioangukiwa na ngazi, hata mwisho akaamini kwamba dunia nzima imemwagiwa sabuni. Akifika kwa mama yake, kabla hajaamkia, alitazama kwanza kama zulia la sebuleni limejikunja pembeni. Wiki iliyotangulia aliomba funguo, akaingia ndani ya gari, akawasha, akatazama dashibodi. Akamwuliza mama yake jambo, akajibiwa, akazima injini. Kisha akatoka na kauli yake.

"Mama, taa ya injini inawaka. Jumamosi nikirudi nikaikuta bado inawaka, funguo naondoka nazo, na gari tunauza."

Bibi alikuwa mkunga maisha yake yote, na mtu aliyeipokea nusu ya mji kwa mikono yake haoni sababu ya kubishana na mmoja aliyemzaa mwenyewe. Lakini moyoni alikuwa ameshakata shauri. Gari lile alilinunua kwa jasho lake. Lilikuwa dogo, la manjano, na lilivuma kila lilipopanda kilima, ndiyo maana akalipa jina la Nyuki. Nyuki ndiye aliyempeleka kwa wajawazito saa ambazo hata mbwa wamelala, na sasa alipostaafu, ndiye aliyemfikisha zahanati kuwafundisha wakunga wachanga, sokoni, na kwa rafiki zake wachache waliobaki. Bila Nyuki angekuwa mtu wa kupelekwa. Neno hilo, kupelekwa, Bibi alilitamka kama mtu anayetema mbegu ya limau.

"Mke mwenza!" aliita huku akigonga mlango wa chumba cha mjukuu wake. "Amka! Mume wetu hayupo, mwanamume wa nyumba hii leo ni wewe."

Hapa panahitaji maelezo kidogo. Babu, enzi za uhai wake, alimwita mjukuu huyu mke wake mdogo, kama mababu wanavyowatania wajukuu wa kike, na Bibi akauingia utani huo kwa miguu yote miwili. Babu alipofariki, utani haukuzikwa naye. Mjukuu alihamia kwa Bibi ili amtunze, ingawa mpaka leo haijajulikana nani anamtunza nani, na wakawa wajane wawili wa mume mmoja, wanaogombania kochi lake na redio yake. Kwa kazi, mjukuu alikuwa fundi wa majokofu. Mtaani walimwita Fundi Baridi, na yeye jina hilo lilimkaa vizuri, maana hakuwa mtu wa papara.

Alitoka amevaa ovaroli juu ya nguo za kulalia. Bibi alikuwa ameshatandika gazeti mezani kama mtu anayejiandaa kupokea mzazi, na juu ya gazeti ameweka boksi dogo na spana ya ajabu, yenye mpasuo ubavuni.

"Hii spana umeitoa wapi?"

"Nimeazima gereji. Yule fundi alichomeka kile kimashine chake kwa Nyuki, kikamwambia kuna kitu kinaitwa sensa ya oksijeni kimechoka. Lakini amejaza magari mpaka barabarani, hawezi kunigusa kabla ya Jumatano. Nikamwambia nipe kifaa, nipe na spana, nyumbani nina fundi. Akacheka."

"Alicheka nini?"

"Nilipomwambia fundi mwenyewe ni wa majokofu." Bibi akamsukumia boksi. "Hebu nisomee hapo kama ndicho chenyewe. Miwani yangu imechafuka."

Mjukuu akasoma, akalinganisha na kikaratasi cha fundi. Ndicho chenyewe. Miwani ya Bibi ilikuwa kwenye paji la uso, inameta kama imetoka dukani, lakini Bibi alikuwa na mambo mengi ya kulalamikia na mjukuu hakuwa mtu wa kuyafuatilia yote. Alichukua boksi la vyombo vyake, wakatoka uani.

Nyuki alikuwa ameegeshwa karibu na ukuta, pua ikiangalia geti. Ubavuni alikuwa na mkwaruzo mpya, wa rangi ileile ya nguzo ya geti. Bibi alikuwa ameshaueleza mkwaruzo huo: nguzo ilijengwa vibaya. Ilijengwa vibaya miaka mingi, ikakaa kimya, na mwezi huu ndiyo ikaamua kujitokeza.

"Kwanza niwashe kidogo ipate joto," mjukuu alisema, akaingia kwenye kiti cha dereva. "Chuma kikiwa baridi kabisa hakiachii."

"Hata mimi sijawahi kumpokea mtoto kwa mikono ya baridi," Bibi alisema dirishani.

Injini ikakohoa, ikatetemeka, ikatoa moshi mweusi uliomfanya paka wa jirani ahame ukuta. Mjukuu akaangalia dashibodi. Hapo ndipo alipoiona plasta. Ilikuwa plasta ya kidonda, ile ndogo ya kahawia anayofungwa mtoto kidoleni, imebandikwa kwa ustadi na kukandamizwa kingo zote. Na pembeni yake, wazi kabisa, ikiwaka kwa rangi ya machungwa bila haya, ilikuwa taa ya injini.

"Bibi, hii plasta ni ya nini?"

Bibi akashusha sauti, ingawa uani hapakuwa na mtu. "Hiyo ni akiba. Nimeifunika ile taa. Tukishindwa leo, mjomba wako ataingia humo, atatazama, hataona kitu. Atarudi kwenye bima yake."

Mjukuu akainua ukingo wa plasta kwa ukucha, akaurudisha. Ilikuwa imefunika alama ya mtu aliyefunga mkanda. Kicheko kilimpanda mpaka kooni, akakimeza. Aliona huu ni utani wa kuwekwa akiba, autoe wakati wa chakula, Mjomba akiwepo, Bibi aaibike kidogo kwa mara moja maishani mwake. Basi akanyamaza. Angeuliza swali moja tu pale pale, hadithi hii ingekuwa fupi sana.

Alizima injini, akafungua boneti, akalegeza waya wa hasi kwenye betri na kuuweka kando. Halafu akamwonyesha Bibi mahali penyewe: mbele ya injini, nyuma ya kipande cha bati la kuzuia joto, pale bomba la moshi linapoanza safari yake kwenda nyuma. Kwenye bomba kulikuwa na kitu kama plagi, kimekaza, kimeota kutu, na waya umetoka juu yake kama mkia.

"Hii ndiyo pua ya gari," alisema. "Inanusa moshi, inaiambia injini kama mafuta yamezidi au yamepungua. Pua ikiziba, injini haijui kitu, inajinywea tu."

"Kumbe Nyuki ana mafua."

"Ya muda mrefu."

"Na anajinywea bila kujijua. Kama mume wetu na sukari kwenye chai."

"Mume wetu alikuwa anajijua vizuri, Bibi. Alikuwa anasubiri ugeuke."

Bibi akacheka peke yake kidogo, kisha akatulia, maana Babu alikuwa bado anamuuma, na alisema hivyo bila kuficha: "Namkumbuka, yule mwizi wa sukari." Mjukuu akamgusa bega kwa kiwiko, mikono ikiwa na mafuta, wakaendelea.

Bati lilitoka bila matata. Plagi ya waya ilitoka baada ya kubembelezwa kwa bisibisi. Sensa yenyewe ilikataa. Mjukuu aliipulizia mafuta ya kulegeza kutu, akapitisha waya kwenye mpasuo wa spana, akaiketisha, akavuta. Hakuna. Akajipanga upya, akaweka mguu kwenye bampa, akavuta kwa nguvu zote za mtu anayebeba majokofu ngazini. Spana ikachomoka, mkono ukaenda ukagonga chuma, na ngozi ya kidole ikabaki huko. Alitoa neno ambalo Bibi alijifanya hakulisikia.

"Nani kakutuma kuvuta?" Bibi alisema. "Anayevuta anachana. Lete mkono."

Alikuwa na plasta mfukoni, kwa sababu mkunga hatoki bila kitu mfukoni. Akabandua karatasi zake, akakishika kidole cha mjukuu kwa vile vidole vyake vya kazi, vikavu na vyepesi, akaibandika plasta na kuikandamiza kingo zote. Kazi safi. Damu ikaendelea kutiririka pembeni ya plasta.

"Bibi," mjukuu alisema taratibu, "jeraha liko upande huu."

"Nilikuwa naipima kwanza," Bibi alisema, akatoa nyingine, na safari hii alipapasa kwa ncha ya kidole mpaka mjukuu alipoguna kwa maumivu, ndipo akaibandika.

Jua lilikuwa juu, mchana kweupe. Mjukuu alisimama na kidole chake chenye plasta mbili, na ule utani aliouweka akiba ukaacha kuchekesha. Mwanamke huyu alifunga vitovu kwa mwanga wa kibatari. Mwanamke huyu alikuwa anachagua mchele huku anasimulia, na hakuna kijiwe kilichowahi kumpita. Mjukuu akaikumbuka miwani inayometa, boksi alilomsomea, nguzo ya geti iliyojengwa vibaya, na ile plasta nyingine kule ndani. Halikuwa kosa la haraka. Bibi hakuiona taa ya injini kabisa. Alifunika mwanga mmoja aliouona, akaridhika.

Aliogopa. Na kwa kuwa aliogopa, alifanya kama wengi wanavyofanya wakiogopa: alirudi kazini.

"Haya, nifundishe basi," alisema. "Nisipovuta nifanye nini?"

"Unampa nafasi." Bibi akaweka mkono wake juu ya mkono wa mjukuu kwenye spana. "Mpulizie tena mafuta. Mwache anywe. Sasa usifungue, kaza kidogo. Kidogo tu, mpaka usikie amestuka. Haya. Sasa rudisha. Pumzika. Tena."

Wakakaza, wakarudisha, wakapumzika. Bibi alifumba macho, na mjukuu akagundua kwamba kwa macho yaliyofumbwa Bibi alikuwa na uhakika zaidi kuliko akiyafumbua. Mkono wake ulisikia chuma kilivyokuwa kinawaza. "Anakuja," alinong'ona. "Usimkimbilie. Anakuja mwenyewe." Kitu kikalia *tik*, kidogo sana, na spana ikazunguka kama haikuwahi kuwa na kiburi.

"Katoka!" mjukuu alipiga kelele.

"Wa kike au wa kiume?"

Mjukuu aliinua sensa ya zamani, nyeusi, imefunikwa masizi, imekunja uso. "Sijui, ila amenuna. Amefanana na Mjomba."

Bibi alicheka mpaka akashika boneti. Sensa mpya ilikuwa rahisi. Mjukuu aliitoa kwenye kifuniko chake bila kugusa ncha, akaianzisha kwa mkono ili meno yasipishane, akaikaza kwa spana, si sana, si kidogo. Plagi ya waya ikalia ilipokaa mahali pake, bati likarudi, waya wa betri ukarudi. Bibi aliomba akaze yeye nati ya betri, apate kusema ameshiriki. Aliitafuta kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili, na mjukuu akajishughulisha na kufuta vyombo ili asionekane anasubiri.

Akaingia ndani, akazungusha ufunguo. Taa zote za dashibodi zikawaka pamoja, kisha zikazima moja moja. Injini ikavuma, laini, bila kikohozi, na paka wa jirani akabaki ukutani. Pale palipokuwa na rangi ya machungwa palikuwa peusi.

Bibi aliinamia dirishani, uso umeelekea dashibodi moja kwa moja, karibu kabisa, na akauliza: "Imezimika?"

Mjukuu alimtazama. Angeweza kusema kitu. Badala yake alisema, "Imezimika, Bibi," na Bibi aliponyoosha mgongo kushangilia, yeye akabandua ile plasta ya dashibodi kwa ukucha, akaikunja, akaitia mfuko wa ovaroli. Funguo za mke mwenza wake zisingekwenda popote. Ndivyo alivyojiambia.

Mjomba Tahadhari alifika wakiwa wanaosha mikono. Aliegesha gari lake mbali na ukuta, mbali na geti na mbali na mti, akashuka, akalitazama bomba la uani linalovuja.

"Shikamoo Mama. Hapa mtu atateleza."

"Marahaba mwanangu. Tangu ulipotahadharisha juzi hajateleza mtu, wanaogopa."

"Shikamoo Mjomba," mjukuu alisema, akificha kidole.

"Marahaba. Kidole kimefanya nini?" Huyo hapitwi na plasta.

Bibi hakumpa nafasi. Alimkabidhi funguo kwa mikono miwili, kama mtu anayemkaribisha mgeni mezani. "Ingia. Washa. Tazama mpaka uridhike."

Mjomba aliingia, akawasha. Akatazama dashibodi muda mrefu. Mtu angetegemea afurahi, au angalau ashangae, lakini alionekana kama mtu aliyekuja na mwavuli akakuta mvua imekwisha na bado ana la kusema kuhusu mvua. "Haiwaki," alikubali.

"Haiwaki!" Bibi alipiga makofi. "Mke mwenza, umesikia mwenyewe? Mtu wa bima kasema haiwaki. Haya toka, toka kwenye kiti changu. Leo nawatembeza. Wote wawili, pandeni nyuma."

Mjomba akatoka polepole. Bibi akaketi, akajivuta mbele, akashika usukani. Geti lilikuwa wazi, na nje mtaa ulikuwa wa Jumamosi: baiskeli, mama na beseni kichwani, watoto wakikimbiza tairi. Mjukuu alishika mlango wa nyuma lakini hakuufungua.

Bibi naye, kwa kuwa ushindi ulikuwa umemlevya, hakuweza kujizuia kujisifu. "Na kama fundi wangu angeshindwa," alimwambia mwanawe, "nilikuwa nimekuandalia kitu hapa. Ngoja nikuonyeshe jinsi mama yako alivyo mjanja." Akapeleka kidole kwenye dashibodi, moja kwa moja, bila kusitasita. Kidole kikagusa kioo kitupu. Kikasogea kulia, kikasogea kushoto, kikarudi. "Plasta yangu iko wapi?"

Injini ilikuwa inavuma vizuri.

"Nimeitoa mimi," mjukuu alisema. Akaitoa mfukoni, imekunjamana. "Bibi, ilikuwa juu ya taa ya mkanda."

"Taa ya mkanda?"

"Ya injini ilikuwa pembeni yake. Ilikuwa inawaka asubuhi, wazi kabisa."

Kidole cha Bibi kilibaki hewani. Mjomba alikuwa amesimama upande wa pili, mkono juu ya paa la gari, na alipozungumza sauti yake haikuwa ile ya tahadhari.

"Wiki iliyopita nilikuuliza, Mama. Nilikwambia, unaiona hiyo taa? Ukasema naiona sana, inanikera. Nikasema nionyeshe. Ukanionyesha ya mkanda."

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

Mtu huyu aliyewahi kumsimamisha mgeni mlangoni kumweleza hatari za kandambili alitazama chini. "Nilishindwa kusema macho. Nikasema taa."

Bibi akamgeukia mjukuu. "Na wewe?"

Mjukuu akainua kidole chake chenye plasta mbili, moja juu ya jeraha na moja pembeni. Alikuwa analia, na hakujali. "Nimejua leo. Nikaificha. Nilitaka ushinde. Halafu umekaa hapo, geti liko wazi, watoto wale pale..." Hakumaliza.

Bibi alitazama mbele, kwenye geti, kwenye mtaa ambao kwake ulikuwa rangi zinazotembea. Aliona aibu, na aibu ilimkaa vibaya kwa sababu hakuwa ameizoea. Alikaa hivyo mpaka watoto wakapita na tairi lao.

"Daktari alishaniambia," alisema mwishowe. "Mtoto wa jicho. Macho yote mawili. Nimezalisha mji mzima, nimebakiwa na huyu mmoja, na ndiye aliyegoma kutoka."

Mjomba alijikaza asicheke, akashindwa, akajifanya anakohoa.

"Si wanaitoa siku hizi, Bibi?" mjukuu alisema. "Unaingia asubuhi, jioni umerudi."

"Wanakata jicho."

"Mama," Mjomba alisema, "wewe ndiye uliyewaambia wanawake wote wa mji huu wasiogope hospitali."

"Niliwaambia kwa sababu aliyekuwa anakatwa si mimi."

Kisha akafanya jambo ambalo wote wawili hawakulitegemea. Alizima injini, akachomoa funguo, akashuka. Mjomba akanyoosha kiganja. Bibi akakiona kiganja hicho, hicho alikiona vizuri, akakipita, akaziweka funguo kwenye mkono wa mjukuu, ule mkono wenye kidole kilichofungwa, akaukunja.

"Wewe ulisema taa ikiwaka," alimwambia mwanawe. "Haiwaki, kwa hiyo hupati kitu, na gari haliuzwi. Huyu ataniendesha mpaka atakaponitoka huyo mtoto. Na hospitali utanipeleka wewe, ukae nje ya mlango, usome vibao vyote vya tahadhari mpaka nitoke. Kunyang'anywa sikutaka. Kutoa ni hiari yangu."

"Mimi nakwenda polepole, Bibi," mjukuu alisema, akifuta pua kwa mkono wa ovaroli. "Mwenyewe ulisema naendesha kama nimebeba mayai."

"Leo nitakuwa mayai. Twende, tumjaribu Nyuki."

Mjomba akapanda nyuma. Bibi akazunguka hadi upande wa abiria, akasimama pale mlangoni akaupapasa, kwa sababu tangu anunue gari hakuwahi kuufungua mlango ule kutoka nje ili aketi. Kiti kile kilikuwa cha Babu. Babu hakujua kuendesha na hakutaka kujua. Miaka yote alikaa pale, mkono umeng'ang'ania kishikio cha juu ya mlango, na miaka yote Bibi alimcheka kwa ajili hiyo mbele za watu. Aliketi. Sponji ya kiti ilikuwa imebonyea kwa umbo la mtu mwembamba, na Bibi akalazimika kujigeuza mara kadhaa mpaka akaenea ndani yake.

Mjukuu aliwasha. Kwenye dashibodi alama nyekundu ikaanza kupepesa.

"Tahadhari," Mjomba alisema kutoka nyuma. "Dereva hajafunga mkanda."

"Ndiyo hiyo taa niliyoifunga plasta?" Bibi aliuliza.

"Ndiyo hiyo."

"Basi mfungie mkanda anyamaze, maskini, nimemziba mdomo wiki nzima bila kosa."

Wakatoka getini. Nguzo ilibaki mahali pake, haikujitokeza. Nyuki alivuma kwa raha, bila kikohozi, mjukuu akishika usukani kwa mikono miwili, na mwanamume aliyekuwa anatembea kwa miguu kando ya barabara aliwapita, kisha akawapita tena aliporudi kuchukua kofia yake iliyoanguka. Kwenye kona ya duka mjukuu alikata kulia. Mkono wa Bibi ukaruka wenyewe, ukashika kile kishikio cha juu ya mlango. Plastiki yake ilikuwa imelainika kwa ndani, imelika kwa vidole vinne vya mtu mwingine, na vidole vyake vikaingia humo humo.

Hakukiachia hata kona ilipokwisha.

"Kumbe alikuwa anaogopa kweli," alisema. "Mimi nilidhani ananitania. Kila siku alikuwa anaogopa hivi, na kila siku alipanda."

Nyuma Mjomba alitazama dirishani, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuona kitu cha kukemea.

"Mke mwenza," Bibi alisema, bado ameshikilia, "punguza mwendo kidogo."

Mjukuu akapunguza.